Mama Prufu Hatii Sahihi

Kabla ya kuingia gereji, Mama Prufu alikuwa msomaji wa prufu katika kiwanda cha uchapaji kwa miaka kumi na mmoja. Aliweka karatasi mbili mezani, ya mwandishi kushoto na ya mtambo kulia, akapitisha kidole juu ya kila moja kwa wakati mmoja, neno kwa neno, mpaka kimoja kikwame. Alisoma hivyo mitihani, katiba za vilabu vya mpira, na kamusi ya maradhi ya ng'ombe ambayo anasema ndiyo iliyomfunza subira. Kiwanda kikafungwa kama viwanda vinavyofungwa, yaani kwa hotuba nzuri sana. Jina la utani likabaki. Jina lake halisi linajulikana na mumewe na ofisi ya vitambulisho, na ofisi ya vitambulisho wamelikosea.

Gereji ilimwajiri kupokea wateja. Mafundi walikuwa wameanza kazi ya kisasa: kuvuta faili kutoka kwenye kompyuta ya injini, kubadili tarakimu chache ili gari livute vizuri au linywe mafuta kidogo, kisha kuirudisha. Faili ya namna hiyo ni majedwali matupu. Kichwani mwa jedwali kuna mizunguko ya injini, pembeni kuna mzigo, na katikati kuna tarakimu zinazoiamuru nozeli imwage dizeli kiasi gani. Mafundi walizihifadhi kwa majina kama "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho wa kweli" na "hii ndiyo usiguse". Siku moja lori liliondoka na "mwisho" badala ya "mwisho kabisa". Likafika nusu ya mlima, likatafakari, likarudi kinyumenyume.

"Sasa nyinyi mnajuaje mlibadilisha nini?" Mama Prufu aliuliza kutoka mapokezi.

Walikuwa hawajui. Walikuwa wanakumbuka, jambo ambalo ni tofauti kabisa.

Ndipo alipoonyeshwa programu inayoweka faili mbili ubavu kwa ubavu na kupaka rangi nyekundu kila zinapotofautiana. Aliitazama kama mtu aliyekuta vidole vyake mwenyewe ndani ya kompyuta. Akatafuta na nyingine inayotunza kila toleo la faili, pamoja na jina la aliyebadilisha, tarehe na sababu, bila kufuta kitu. Baada ya miaka minne hakuna aliyekumbuka kwamba aliletwa kupokea wateja. Sheria yake ilikuwa moja: faili haiingii garini bila kuandikwa. Fundi mkuu, kwa ukaidi, aliwahi kujaza nafasi ya sababu kwa neno "sababu". Alirudishiwa mara tatu mpaka akaandika sentensi yenye kitenzi.

Kisha akaja shemeji wa bosi, kaka wa mke wake, kijana wa miaka arobaini na mbili aliyekuwa bado anajitafuta. Alijifunza kazi kwa video mbili, na ya pili hakuimaliza.

Jumanne moja lori la chama cha wakulima lililetwa kwa kuvutwa, pistoni mbili zimeyeyuka. Mwenyekiti wa chama ana malori saba. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba anataka kwa maandishi nani aliyefanya hivyo, na Ijumaa saa nne angekuja kuchukua karatasi yake.

Jumatano bosi alipanda na barua hadi ofisi ya Mama Prufu ya juu, yenye dirisha la kioo linalotazama shimo la kukagulia magari.

"Mama, tia sahihi hapa. Kitu kidogo tu."

Mama Prufu akasoma. Yeye, kwa uzembe wake, ameingiza faili yenye makosa. Nafasi ya sahihi ilikuwa imeshawekewa alama ya msalaba, kama kaburi.

"Fundi mkuu avute kwanza faili iliyomo ndani ya lori," akasema.

Ikavutwa. Akaiweka kulia, na toleo lake la mwisho kushoto. Skrini ikawa nyekundu mahali mia nne na kumi na mbili. Mtu alikuwa amechagua jedwali zima la dizeli na kuongeza asilimia kumi na tano kila mahali. Zaidi ya hapo, kipanya kilikuwa kimevuka mpaka na kukumba hata kichwa cha jedwali, hivyo mizunguko ya injini nayo ikapandishwa asilimia kumi na tano. Injini ambayo mwisho wake ni elfu mbili mia sita ilikuwa imeandikiwa elfu mbili mia tisa na tisini. Ni sawa na mtu anayetaka siku iwe ndefu, akaenda kuandika saa kumi na nne kwenye uso wa saa ya ukutani.

"Nimeongeza kidogo tu, mama," shemeji alisema toka mlangoni. "Dereva mwenyewe aliomba nguvu."

Kwa hiyo suala halikuwa kujua. Ilipofika saa sita mchana walijua wote, hata mlinzi.

"Sawa," bosi alisema. "Ukweli tumeupata. Sasa tia sahihi tufanye kazi."

"Bosi, si umesikia mwenyewe?"

"Nimesikia. Yule ni kaka wa mke wangu. Nikimwandika yeye, mimi nalala wapi?"

"Gerejini pana nafasi."

Hakucheka. Akatoka, akarudi na rasimu ya pili. Mama Prufu aliziingiza zote mbili kwenye programu na kumsomea matokeo kwa sauti ile ile ya kiwandani. "'Uzembe' umekuwa 'bahati mbaya'. 'Kuharibu' kumekuwa 'kuathiri'. Yamebadilika maneno tisa. Jina langu halijaguswa."

Alhamisi ikaja ya tatu. "'Bahati mbaya' sasa ni 'nia njema'. Pia nimeongezewa 'mfanyakazi wetu mpendwa'. Ahsante. Jina lipo pale pale."

"Unataka nini wewe mama?"

"Kile kichwa cha jedwali kirudi kama kilivyokuwa, na jina langu litoke."

"Basi kesho mbele ya mwenyekiti utasaini, au utatafuta kazi kwingine. Hiyo nayo iingize kwenye kompyuta yako."

Akaiingiza, na tarehe yake.

Nyumbani mumewe, mwalimu wa jiografia, alimsikiliza huku akipiga pasi shati.

"Mke wangu, sahihi ni wino tu."

"Hata talaka ni wino tu."

Pasi ikasimama. "Nasema hivi, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mguu ni wangu. Na mkuu ameshasema mambo matatu tofauti, ninayo yote. Nilisikie lipi?"

Mwalimu alikunja shati. Alimjua mke wake kwa miaka ishirini na sita, na alijua kuna mito ambayo mtu huichora tu kwenye ramani, haivuki. "Basi vaa viatu vizuri," akasema. "Ukifukuzwa utatembea."

Ijumaa mwenyekiti alifika saa nne kasoro dakika tano, akakataa kiti. Bosi alikuwa ameweka mezani rasimu ya nne na kalamu mpya. Shemeji alisimama kando ya kabati, akiusoma kwa makini mtungi wa kuzimia moto.

"Mama yetu hapa atatuandikia," bosi akasema.

"Siandiki," Mama Prufu akasema.

Akamkabidhi mwenyekiti karatasi mbili, faili ya lori kabla na baada, tofauti zikiwa zimepakwa rangi. Mwenyekiti hakuwa mtu wa kompyuta, lakini alikuwa ameendesha malori miaka kumi na minane kabla ya kuchaguliwa. Kidole chake kilitembea juu ya jedwali kikakwama kichwani.

"Elfu mbili mia tisa na tisini? Lori langu?"

"Halifiki huko, mwenyekiti."

"Najua halifiki! Lingefika huko lingekuwa ndege. Nani kaandika?"

"Kompyuta hukosea wakati mwingine," bosi akadokeza.

"Kompyuta haina mkono wa kuburuta kipanya," Mama Prufu akasema. "Mwenyekiti, aliyeandika ana mdomo wake, atajitaja akipenda. Mimi nimekuja kukataa jina moja tu, ambalo ni langu."

Walingoja. Mtungi wa kuzimia moto ulikuwa na maelezo mafupi, lakini shemeji hakuyamaliza. Mwenyekiti alimtazama, akamtazama bosi, akazikunja karatasi na kuzitia mfukoni.

"Leteni winchi," akasema. "Lori hili na mengine sita natafuta pa kuyapeleka. Nilitaka karatasi yenye jina. Nimepewa barua ya mtu ambaye hakufanya, na aliyefanya anasoma mtungi."

Alipoondoka, bosi aliirudishia kalamu mpya kifuniko chake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Umefurahi? Kesho usije."

"Andika."

"Niandike nini?"

"Kwamba kesho nisije. Na sababu. Uweke sahihi yako, ndio utaratibu."

Bosi aliigeuza rasimu ya nne upande wake mtupu na kushika kalamu. Akaandika tarehe. Akaandika "Kwako Mama Prufu". Akaandika "Unaachishwa kazi kwa sababu", na hapo mkono ukagoma. Alitazama dirishani ambako mnyororo wa winchi ulikuwa ukikaza. Akamtazama shemeji wake. Mama Prufu alisubiri mezani pake, mikono magotini, kwa ile subira ya kamusi ya maradhi ya ng'ombe. Dakika kumi zikapita. Karatasi haikupata neno jingine.

"Ukimaliza nitakuwa hapa," akasema.

Jumamosi saa mbili kamili alikuwa kitini. Uwanja ulikuwa mtupu pale yalipozoea kusimama malori ya wakulima, na mafundi wawili hawakumjibu salamu. Akawasalimia tena, kwa sauti kubwa zaidi, akawasha kompyuta.