Profesa wa Vibao

Shemeji yangu alikuwa fundi wa kuandika vibao, na mtaa mzima ulimwita Profesa. Hakuwahi kufundisha popote. Ila ukiona herufi zake utasema zimetoka kwenye mashine: zimenyooka, zina kivuli chekundu ubavuni, na kila neno limekaa kwa adabu kama mgeni sebuleni. Kinyozi, bucha, fundi viatu, wote vibao vyao aliandika yeye. Kwenye pembe ya chini, pale mafundi wengine wanapoweka jina na namba ya simu, yeye alichora ndege mdogo. Tukasema hayo ndiyo maringo ya msanii.

Alikuwa na masharti yake pia. "Niandikie kwenye karatasi," alimwambia kila mteja. "Kazi ya maneno ya mdomo mimi sifanyi, kesho utaniruka." Watu wakazidi kumheshimu, wakisema huyu ndiye fundi anayejua kazi. Na kila alipochora herufi kwa chaki kabla ya kutia rangi, mkewe, ambaye ni dada yangu wa kuzaliwa tumbo moja, alitoka na kikombe cha chai akasimama nyuma yake. Mimi nilimtania, "Dada, huyo mume haibiwi, hebu mwache apumue." Anacheka tu. Mara akohoe kidogo, na Profesa afute herufi moja aichore upya. Nilidhani ni vumbi la chaki. Lo, na mimi nilivyojiona mjanja!

Dada alikuwa mfagiaji hospitalini. Asubuhi anavaa aproni yake ya bluu yenye maandishi meupe kifuani, jioni anaivua na kuitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na chumba na sebule, makopo ya rangi chini ya kitanda, na kicheko ambacho majirani walikisikia mpaka ng'ambo ya barabara. Walipendana watu wale, mpaka unaona wivu.

Dada akafariki. Homa ya siku chache tu, hata kumuuguza hatukumuuguza vizuri. Msibani Profesa hakulia mbele za watu. Alisema jambo moja: kibao cha kaburi ataandika yeye, na asiguse mtu. "Mji mzima nimeuandikia," alisema, "mke wangu mwenyewe aandikiwe na mwingine?" Nani angebisha? Nikarudi kwangu, safari ya kutwa, maana cherehani yangu haina mtu mwingine wa kuiendesha.

Baada ya mwezi akanipigia simu. "Shemeji, njoo uone. Tangu nizaliwe sijaandika kitu kizuri namna hii." Sauti yake ilikuwa na uhai kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikafunga mzigo siku hiyo hiyo.

Tulikwenda makaburini asubuhi. Alibeba brashi na kopo la mafuta ya taa, akasema amebakiza ndege tu, anataka amchore mbele yangu. Mchimba makaburi alipotuona alisimamisha jembe. "Profesa, mkeo umemuenzi! Kila anayepita hapa anakisifu hicho kibao."

Kweli kilikuwa kizuri. Ubao mgumu, umepigwa randa mpaka unateleza, rangi nyeupe, herufi nyeusi zenye kivuli cha bluu. Zilisema: MALI YA HOSPITALI.

Nilisoma tena, nikidhani macho yananidanganya. Halafu damu ikanipanda. Mdomo wangu hauna breki, anayenijua anajua. "Wewe mwanamume una wazimu? Dada yangu ni shuka la wodini? Amewapigia deki korido zao mpaka magoti yameisha, amekufa, na bado unampiga mhuri wao?" Nilikuwa nimeshamkaba kola. Mchimba makaburi akaja mbio kuamulia.

Profesa alinitazama, akakitazama kibao, akanitazama tena. "Shemeji," akasema polepole, "kwani hilo si jina lake?"

Nikaiachia kola.

Nikakaa pale pale kwenye udongo. Naye akachuchumaa, akaanza kusema huku akiangalia chini. Hajui kusoma. Hajawahi kujua. Baba yao alipokufa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa, akatolewa darasani akawabebee wajenzi maji ili wadogo zake wasome. Wakasoma, wakaenda zao, na salamu hawaleti. Fundi mmoja wa vibao akamchukua amshikie ngazi, akauona mkono wake ni mwepesi. Basi akajifunza kunakili herufi kama unavyochora kiatu au birika. Aliyekuwa akimsomea ni dada. "Alitaka kunifundisha, si mara moja," alisema. "Mimi ndiye niliyekataa. Mtu naitwa Profesa, nianze a, e, i, o, u mbele ya mke wangu? Niliona haya."

"Na maneno haya uliyatoa wapi?"

"Kwenye aproni yake. Nilimuuliza zamani, hata mwaka wa ndoa haujaisha: hapo kifuani wamekuandika jina? Alikuwa amechoka, amevua viatu, anajikanda miguu. Akacheka, akasema, 'Ndiyo mimi huyo, nani mwingine?' Basi nikashika hilo. Maneno matatu, shemeji. Lile dogo la katikati naliona kwenye kila kibao, nikajua ndilo la kuunganisha, fulani binti fulani. Hili la mwisho nikasema ni baba yenu. Refu, na mzee wenu alikuwa mrefu."

Jamani! Nilitaka kucheka, kilio kikawahi. Nilimlilia dada kuliko siku ya kumzika, aliyefanya mzaha wake jioni moja akiwa hoi, na mzaha ukamfuata mpaka huku. Nilimlilia na huyu mwanamume pia, maana sikuwa na hasira naye tena.

Nikamgeukia mchimba makaburi. "Na wewe je? Kila siku unapita hapa!"

Akainamisha kichwa. "Mama, mimi na maandishi wapi na wapi? Niliona yamenyooka, nikasifu."

Majirani nao, nilipowauliza baadaye, wengi walikuwa kama yeye. Wachache wanaojua kusoma walidhani hospitali ndiyo iliyogharamia mazishi, wakaona si adabu kuuliza. Kwa hiyo mtaa mzima ulikuwa umempa hongera.

"Nisomee," Profesa akaniambia. "Nataka kujua nilichomwandikia."

Nilitamani kumdanganya. Lakini dada alikuwa amemfichia ya kutosha, na mwisho wake tulikuwa tumeukalia. Nikamsomea. Alivua shati, akalichovya kwenye mafuta ya taa, akasugua zile herufi nzuri moja baada ya nyingine mpaka ubao ukawa wa kijivu na mikono yake ikawa myeusi.

"Sasa niandikie lake," akasema.

Nikaokota kijiti, nikaandika mchangani jina la dada, lile tu tulilomwitia nyumbani. Akainama juu yake. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza.

"Hili jina nalijua."

"Ulijue wapi wewe?"

"Nimeliandika. Saluni ya pale kona. Mwenyewe alileta karatasi, nikaliandika kubwa, rangi ya waridi. Dada yako akatoka na chai, akasimama, akasimama, mpaka chai ikapoa. Nikamuuliza, kuna makosa? Akasema hapana, leo mkono wako umependeza kuliko siku zote." Akapitisha kidole juu ya jina lile mchangani. "Nilidhani anasifu rangi."

Akaondoka bila kuokota brashi. Nilimfuata nyuma, yeye kifua wazi, watu wanatushangaa. Pale kona hupita kila siku ya Mungu akienda kununua mkate. Akasimama chini ya kile kibao cha saluni, akainua uso, na midomo yake ikawa inacheza bila sauti.

Mwenye saluni akatoka na kitana mkononi. "Vipi tena, Profesa? Umeona kosa kwenye kibao changu?"

"Hapana, mama," akasema, na machozi yalikuwa yamefika kidevuni. "Nasoma."