Mama Soli na Kisima cha Wenyewe

Alizaliwa Jumatano ya Majivu, katika chumba cha nyuma cha banda la fundi viatu, mahali palipokuwa pakinuka gundi na ngozi iliyoloweshwa. Mama yake alifariki kabla mtoto hajaota meno, naye akalelewa na baba mgane mwenye kiti kimoja, kalibu sita za mbao za kuundia viatu na maneno machache. Watu walimshauri ampeleke binti kwa shangazi zake akafundishwe mambo ya kike. Alijibu, "Ngozi haijui nani kashika msharasi," akamkabidhi mtoto ile sindano nene ya kutobolea soli. Alipofika miaka kumi na sita alikuwa anashona kumshinda baba yake. Wakamwita Mama Soli, ingawa hakuolewa wala kuzaa, na walevi wakamtania kwamba waume wote wa kijiji wamepita mikononi mwake. "Miguu yao tu," alikuwa akijibu bila kuinua macho, "na mingi inanuka."

Kanisa halijamtangaza mtakatifu, na mimi paroko wa shamba sina mamlaka hayo. Ninaandika maisha yake kwa sababu nina hasira, na katika hasira hii sioni cha kuungama ila ile sehemu inayonihusu mwenyewe.

Alipokuwa na miaka thelathini na moja, wafadhili walikuja wakachimba kisima nyuma ya shule, wakafunga bomba la mkono, wakapiga picha, wakaondoka. Waliacha kibao cha bati. Mchoraji wao alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: KISIMA HIKI NI MALI YA WENYEWE. Bila shaka walikusudia sisi, wanakijiji wenyewe. Lakini mtu wa kwetu akisikia kitu kina wenyewe, anarudisha mkono nyuma. Mtoto akichezea mpini alichapwa: "Acha! Hicho kina wenyewe!" Nati ikilegea ilipitwa kama embe la jirani. Na mwaka wa nne, bomba lilipokohoa na kukauka, hakuna aliyeuliza limeugua nini. Wenyewe wangekuja kulitazama.

Miaka mitatu tulisubiri wenyewe. Miaka mitatu, ndugu zangu! Wanawake walirudi kuteka kwenye bwawa ambamo ng'ombe waliingia kunywa na kujisaidia, na kila kiangazi tulizika watoto. Mimi nilizika, nikahubiri juu ya mapenzi ya Mungu, nikarudi nyumbani kunywa maji ya tangi langu la mvua. Kiangazi cha tatu alikufa mtoto wa kaka yake Mama Soli, wa miaka minne. Shangazi yake alikuwa amemshonea viatu vyekundu vya Pasaka, na tulimzika navyo, soli zake zikiwa bado safi. Siku ya tatu baada ya maziko Mama Soli alifunga banda, akaazima spana kwa fundi baiskeli, akaenda kulifungua lile bomba.

Alichokikuta kilikuwa kitu cha kutia aibu. Kule chini, ndani ya silinda, kuna kikombe kidogo cha ngozi kinachopandisha maji. Kilikuwa kimechakaa. Basi, hivyo tu! Watoto wetu walikuwa wamekufa kwa kukosa kipande cha ngozi kisichozidi kiganja, katika kijiji chenye fundi viatu. Alichukua buti la marehemu baba yake, akakata duara, akalilowesha, akalivika kwenye kalibu ya kisigino mpaka likashika umbo la kikombe, akalipaka nta na mafuta. Kesho yake saa nne asubuhi maji yalitoka.

Yalitoka kwa siku sita. Siku ya saba mwenyekiti wa kamati ya kisima alimwita mbele ya watu, katika darasa la tatu, akamsimamisha ubaoni kama mwanafunzi mtoro.

"Nani kakutuma kugusa mali ya watu?" akamuuliza.

"Mwenyekiti, maji yanatoka."

"Ndiyo kosa lako hilo! Wafadhili wameahidi kuja kutufungia bomba jipya la umeme wa jua. Wakikuta hili linatoa maji, si watasema hatuna shida? Dada, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe unamfukuza mgeni!"

Watu walipiga makofi. Mama Soli alingoja yaishe, akasema, "Wenyewe wa kile kisima ndio hao wanaoharisha."

Hakupigiwa makofi. Jioni ile kamati iling'oa mpini wa bomba, ukaletwa kwangu ufichwe sakristia, nyuma ya kabati la kanzu. Ufunguo wa sakristia niliweka mimi. Mwenyekiti alikuwa mfadhili wa paa la kanisa, nami niliogopa mvua kuliko nilivyomwogopa Mungu. Miezi kumi na mmoja Mama Soli alikuja kila Jumamosi, akapiga magoti yale yaliyozoea kupima miguu ya watu, akasema, "Baba, naomba ufunguo." Kila Jumamosi nilimjibu, "Mwanangu, tungoje kamati ikae." Kamati haikukaa hata mara moja. Wafadhili hawakuonekana.

Kiangazi kilichofuata kipindupindu kiliingia. Mama Soli aliligeuza banda lake kuwa wodi, akachemsha maji ya bwawa kwa kuni za kalibu zake, moja baada ya nyingine, zote sita. Aliuguza watu kumi na wanane, akiwemo mke wa mwenyekiti, na kumi na wanne walipona. Kuni zilipokwisha, wagonjwa walipewa maji yaliyochemshwa, naye akanywa ya bwawa yasiyochemshwa. Alifariki Alhamisi kabla ya Jumapili ya Matawi, akiwa na miaka thelathini na tisa. Sikumfikia na mafuta matakatifu kwa wakati.

Wanawake walipotaka kumwosha, walijikuta na ndoo ya maji ya bwawa. Wakaiangalia. Kisha wakaja kwangu, na aliyetangulia ni mke wa mwenyekiti, akitembea kwa kushika ukuta. "Padri, tupe mpini," alisema. "Hatumwoshi kwa maji yaliyomuua." Nilitoa ufunguo. Waliufunga mpini wenyewe, wakapampu, na maji yakaja. Wanasema ni muujiza, kwamba bomba lililonyamaza mwaka mzima lilimtambua fundi wake. Mimi nasema ngozi iliyopakwa mafuta vizuri haiozi upesi ikikaa majini. Muujiza ninaoukiri ni ule wa wanawake kumi na wawili kufunga nati bila kuuliza ni ya nani.

Ningependa kuishia hapo. Lakini miaka mitano imepita, ngozi imekwisha tena, na tangu mwezi uliopita bomba linakohoa. Mmefanya nini, enyi mliooshewa matapishi na mikono yake? Mmeunda kamati ya kumjengea kaburi la marumaru na kuniletea barua ya kuwaomba wafadhili niitie sahihi. Nimeichana. Mmewasha mishumaa kuzunguka bomba mkimwomba Mama Soli aliponye. Mishumaa hakuwahi kuniomba. Aliniomba ufunguo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na ninyi sasa mnamtegemea hata marehemu!

Anayetaka kumwiga mtakatifu huyu asinijie na shada la maua. Jumapili hii nitasoma misa nikiwa na kiatu kimoja. Kile cha kushoto nimekiweka mezani sakristia, ngozi yake bado nzima, na kando yake kipo kisu cha Mama Soli. Mlango sijaufunga. Wenyewe mko wapi?