Mti Uliokaushwa na Wagonjwa

Habari zilinikuta sokoni Tabora, nikichagua karanga: yule tabibu mstaafu wa kijiji cha ujamaa, njia ya Ipole, amezikwa jana. Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Baadhi yenu aliwatibu, mkamwita Daktari ingawa jina hilo alilikataa. Mimi nilimjua kwa sababu ya vidole vya mkewe.

Mkewe alifundisha elimu ya watu wazima. Watu walipohamishiwa kijijini kutoka maboma yao ya msituni, alikuwa ameanza kuvimba viungo vya mikono. Vidonge vya zahanati vilituliza maumivu, lakini vidole viliendelea kupinda, na picha ya eksirei iliyopigwa Tabora ilionyesha kwamba uvimbe umeanza kula mifupa. Chaki ikawa inamponyoka mbele ya wanafunzi. Ndipo bibi yake, mzaa mama, akaanza kumchemshia magome ya mti mmoja uliokuwa nje ya kijiji. Uvimbe ulishuka, vidole vikaacha kupinda. Kama ni mti au ni bahati, siwezi kuapa. Ninachojua ni kwamba alirudi ubaoni.

Nilikuwepo mkutanoni tabibu aliposimama kuutangaza mti huo. Bibi, ambaye alibandua gome upande wa mawio na wa machweo tu, kisha akakipaka udongo kidonda cha mti, alimvuta shati kwa utani wa bibi na mjukuu.

"Mume wangu, kaa chini. Ule si mgomba, ukatwe leo uchipue kesho."

"Bibi, dawa ya mtu mmoja ni ubinafsi. Hatukuhamia huku kufichana."

"Basi nami mkeo nitie kwenye ushirika, wanigawane!"

Watu walicheka hadi mwenyekiti akagonga meza. Kisha wakaja na mapanga, wao na jamaa zao wa vijiji vya jirani, kwenye barabara ile ile waliyopita zamani wapagazi na pembe za ndovu. Wenye magoti yaliyovimba walibebwa kwa baiskeli. Waliubandua mti mzima kuuzunguka, wakafukua na mizizi. Mvua za kwanza zilipokuja, haukutoa jani. Bibi alisema mwingine upo walikohama, lakini hakuwa na miguu ya kwenda kuuonyesha, na hakuishi sana. Tabibu alikwenda peke yake, kila kiangazi. Alirudi na magome ya miti mbalimbali, akachemsha, akaonja yeye kwanza. Hakuna lililofaa. Vidole vya mkewe vilijifunga kabisa. "Kule msituni nasikia panga likibandua," aliwahi kuniambia. "Nikigeuka, hakuna mtu."

Siku hizi nasikia wataalamu wanatafuta ndani ya mimea vitu vya kuzuia uvimbe usile mfupa. Wakija kwetu, tutawaonyesha shimo. Ujamaa ulitufundisha kugawana, na fundisho hilo sijalitupa. Lakini kugawana bila kutunza ni kumaliza kwa pamoja, na anayelia mwishoni ni yule yule mgonjwa.

Nilikwenda matangani. Mjane alikuwa amekaa mkekani, mikono yake imejikunja juu ya khanga.

"Utaandika habari zake, mwanangu?"

"Ukiniruhusu, mama."

"Usiandike kwamba alikosea. Waliokuja walikuwa wanaumwa kama mimi. Andika tulikuwa wengi, mti ulikuwa mmoja, na kati yetu sote hakuna aliyeulizia mbegu."