Mke Yuko Kwao, Mimi Najifunza Kutulia

Mimi ni fundi wa mashine za boti pale Kibirizi, na kwa miaka mingi nilijulikana kwa mambo mawili: kabureta nikiifungua mimi hairudi tena kwa fundi, na mdomo wangu hauna adabu. Nimewatukana manahodha wenye umri wa baba yangu kwa sababu ya maji kwenye petroli. Nimewahi kurusha spana ziwani kwa hasira, kisha nikavua shati kuitafuta, watu wakicheka. Mke wangu sikuwahi kumpiga, na jambo hilo nilijisifia nalo kana kwamba nimemtolea sadaka. Nilimfokea tu. Miaka saba nilimfokea, chumvi ikizidi, chumvi ikipungua, mlango ukiachwa wazi, mlango ukifungwa.

Siku iliyoharibu kila kitu nilirudi nyumbani, Buzebazeba, na kabureta ya mteja aliyekuwa na safari ya kesho yake kwenda Kongo. Niliifungua sebuleni juu ya gazeti, vidude vyake vidogo nimevipanga mstari mmoja, kila kimoja kwa zamu yake ya kurudi. Nikatoka kunawa mikono. Mke wangu akaingia na chakula, akakuta gazeti lenye mafuta mahali tunapotandika mkeka wa kulia, akalikunja na kumimina kila kitu kwenye bakuli. Alifanya kwa uangalifu, hakupoteza hata kimoja. Lakini mpangilio wangu ulikuwa umevurugika, na mimi nikapandisha hasira.

Mama yake mdogo alikuwepo, ametoka kwao Kasingirima kututembelea. Mbele ya mama huyo nikasema, "Kama kwenu hawakukufundisha kuheshimu kazi ya mtu, rudi wakakufundishe."

Najua wapo wanaume wanaosema mabaya kuliko hayo na kesho yake wanaandaliwa chai. Lakini kwetu kumwambia mke kwamba hakufundwa, tena ndugu yake amekaa palepale na sahani mkononi, ni kumtukania baba na mama na wote waliomlea. Mke wangu alimalizia kupakua, akaniwekea samaki upande wangu, akaingia chumbani, akatoka na begi. Wakaondoka wawili. Mimi nikala, na nikashiba.

Mke akisusa, mume anajua la kufanya. Anaacha siku mbili tatu zipite, anamchukua mshenga aliyemposea, wanakwenda ukweni. Siku ya kwanza mke haonyeshwi. Unakalishwa barazani kwenye mkeka, baba mkwe anakugombeza, shangazi wanapita wakisonya, na kazi yako ni kusema nimekosa mpaka mate yakauke. Unarudi mikono mitupu. Siku ya pili wanaitwa wazee, unagombezwa upya, na mwenye kinyongo cha mwaka juzi naye anakitoa. Siku ya tatu unapeleka doti ya kanga na sukari, mke analetwa amejitanda, amenuna, mnarudi nyumbani. Mwisho wake kila mtu anaujua tangu mwanzo, hata majirani. Lakini lazima uende. Mume asiyekwenda anahesabiwa kuwa amesema jambo, hata kama hakufungua mdomo.

Mshenga wangu ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, mwenye duka la nyavu Ujiji. Siku ya tatu alinipigia simu akasema twende Jumamosi. Nikamwomba anipe wiki moja. Nilimwambia sitaki kwenda kuigiza pale, nikaomba msamaha leo na kufoka keshokutwa. Nataka kwanza nijirekebishe, niende nikiwa mtu mwingine. Hakunipinga. Naona alipenda kusikia hivyo, maana yeye mwenyewe niliwahi kumfokea.

Kujirekebisha nilikuwa nimeshakuanza, kwa kadiri nilivyojua. Mteja mmoja alikuwa amenirushia kwenye simu masomo ya mwalimu fulani wa mambo ya kutafakari. Sikuwahi kumwona, ni sauti tu, ya polepole, ya mtu ambaye inaelekea hajawahi kuchelewa popote. Anasema kaa, fumba macho, hesabu pumzi mpaka kumi, ukipotea anza tena. Wazo likija liache lipite, usiligombeze wala usilifuate. Anasema sana juu ya kuachilia, kwamba mtu anaumia kwa vile anavyoving'ang'ania.

Basi kila siku nikishaswali alfajiri nilikuwa napanda bodaboda mpaka Kibirizi, napita mahali akina mama wanapoanika dagaa, nakwenda kukaa kwenye jiwe karibu na maji. Wiki ya kwanza sikufika hata nne. Nzi, harufu ya dagaa, kelele za wapagazi, na juu ya yote uso wa mke wangu akiniwekea samaki. Akina mama walikuwa wakipita na beseni wananisalimia, "Mwakeye, fundi," nami kimya, macho nimefumba. Mmoja akamwambia mwenzake, "Muache, fundi kalogwa huyo, mke kamkimbia." Wakacheka. Zamani ningewajibu maneno ambayo wasingeyasahau. Nikahesabu moja, mbili, tatu.

Sitaki kudanganya, kitu kile kilifanya kazi. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nalala vizuri. Nahodha mmoja aliniita mwizi mbele ya watu, eti nimembadilishia plagi mpya nikamwekea za zamani, na mimi nikafungua mashine taratibu, nikamwonyesha, nikamfungia tena. Aliondoka ameinamisha kichwa. Mafundi wenzangu wakaanza kuniita shehe, kwa utani, kisha kidogo bila utani. Nilikuwa najisikia mwepesi. Nilikuwa nimekaa na hasira tangu utotoni, na sasa nilipoitafuta sikuikuta.

Ukweni sikwenda. Wiki niliyoomba ilikuwa imekuwa wiki sita.

Baba mdogo akaja mwenyewe mpaka Kibirizi, na kanzu yake, akikanyaga magamba ya samaki. "Mwana wanje, mwanangu," akasema, maana akiwa na jambo zito anarudi kwenye Kiha, "wale watu wanakungoja. Mkweo kaniuliza msibani kama uko hai."

Nikamwambia, kwa sauti yangu mpya, kwamba sitaki kwenda kwa papara. Lililo langu litanijia, lisilo langu siwezi kulishika.

"Hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Nayasoma humu ndani mwangu, baba mdogo."

"Mimi sijakuambia uende kwa papara," akasema. "Nimekuambia uende." Akageuka, akaondoka bila kuaga.

Leo nikikumbuka jibu lile la "humu ndani mwangu" nataka kujizaba kibao. Ndani mwangu hamkuwa na chochote siku ile isipokuwa woga. Nilikuwa naogopa ule mkeka. Naogopa shangazi wanaosonya. Naogopa kukaa chini mbele ya mzee yule na kusikia miaka saba ikihesabiwa moja baada ya nyingine, huku sina haki ya kufoka. Mwanamume anayefoka ni mwoga kuliko wote, na mimi nilikuwa nimeupatia woga wangu jina zuri. Niliuita utulivu.

Mvua zilipoanza mke wangu alinipigia simu. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aondoke. Aliniuliza lile bati la juu ya jiko kama nimelirekebisha, maana mwaka jana lilikuwa linavuja.

Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema bado, linavuja, na nyumba nzima inavuja, njoo. Mimi nilivuta pumzi kama nilivyofundishwa, nikaiachia taratibu, nikasema, "Nimelirekebisha. Usiwe na wasiwasi, huku kila kitu kiko sawa."

Nilisikia kuku wa kwao.

"Kwa hiyo kila kitu kiko sawa," akasema.

"Kiko sawa kabisa."

"Haya," akasema, akakata.

Mkono niliuweka kifuani nikaona moyo haukwenda mbio. Nikajipongeza. Naliandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa: mke wangu alikuwa amebisha hodi, nami nikawa napima mapigo ya moyo.

Mwezi wa nne tangu aondoke ulikuwa umeanza nilipojiona niko tayari. Siku hiyo mashine ya mteja iliteleza ikaanguka kwenye maji, kazi ya siku tatu, na mimi nikatabasamu. Nikasema sasa nimekuwa mtu. Nikampigia baba mdogo. Akasema atakuja, lakini hakusema ile "alhamdulillahi" niliyoitegemea.

Tulifika Kasingirima baada ya swala ya alasiri. Nilikuwa nimejiandaa kwa mkeka. Tukapokewa kwa viti. Nikatoa shikamoo, baba mkwe akaitika marahaba vizuri tu, akanipa mkono. Chai ikaletwa, na maandazi ya moto, kwenye vile vikombe vyao vya wageni. Shangazi alipita, nikajikaza kusikia msonyo. Akasema, "Karibu sana, baba." Mzee akaniuliza habari za Kibirizi, dagaa wanapatikana, giza la kuvulia la mwezi huu limekuwaje. Nikajibu kwa utulivu. Moyoni nikawa nasema, ona, mtu akitulia na dunia inatulia naye.

Nilipomgeukia baba mdogo nikaona hajagusa chai. Ameshika kofia yake magotini, anaizungusha. Ndipo nikaelewa. Mkwe anagombezwa. Mgeni ndiye anayepewa kiti na maandazi.

"Ulimwambia arudi tumfundishe," baba mkwe akasema, bila kupandisha sauti. "Tulikungoja uje useme hukukusudia. Wiki ya kwanza nilikuwa na maneno mengi sana ya kukwambia. Mwezi ukaisha, tukasema labda una safari. Wa pili ukaisha. Tukaambiwa uko Kibirizi kila asubuhi, umekaa juu ya jiwe umefumba macho. Nikauliza, anaumwa? Wakasema hapana, yuko salama sana." Akanywa chai. "Sasa sina maneno tena. Yameisha yenyewe."

Nikaomba niongee na mke wangu. Akaitwa. Alikaa pembeni ya mlango, amepungua kidogo, na kanga ambayo siijui. Nikaongea maneno mazuri kuliko yote niliyowahi kumwambia mtu. Nilikubali kosa la siku ile na makosa ya miaka saba. Nilimweleza habari za jiwe, za pumzi, za nahodha aliyeniita mwizi, za mashine iliyoanguka majini. Sauti haikupanda wala haikutetemeka. Nilimwambia yule mwanamume aliyekuwa akimfokea hayupo tena.

Alinisikiliza mpaka mwisho, ananitazama usoni, kitu ambacho zamani alikuwa hathubutu.

"Nakuamini," akasema. "Naona umebadilika kweli. Atakayeishi na wewe atapata raha." Kisha akasema, "Naomba unipe talaka yangu."

Shangazi alikuwa amesimama na sinia, hakuiweka. Na mimi nikavuta pumzi, nikaiacha itoke, nikamwambia, "Sawa. Nimekuelewa."

Alitazama chini. Alikaa hivyo kidogo, kama mtu aliyekuwa anasubiri sentensi iishe, kisha akanyanyuka akaingia ndani.

Tulipofika barabarani baba mdogo akasimama, akavaa kofia yake.

"Alikuwa anangoja ukatae," akasema. "Na baba yake alikuwa anangoja. Hata mimi nilikuwa nangoja. Ungepiga magoti. Ungefoka, basi. Ungesema huendi popote bila mke wako, ulale palepale barazani mpaka wakuchoke. Wangekugombeza wote, na ungerudi naye."

"Nirudi sasa?" nikauliza.

"Umeshasema sawa mbele ya watu wazima wanne," akasema. "Utarudi ukasemeje?"

Nilisimama pale nikaitafuta ile hasira ya utotoni. Niliitaka. Nilitaka inipeleke mbio mpaka kwenye mlango ule, inipigishe kelele mtaa mzima usikie kwamba nampenda mke wangu na simpi mtu talaka. Nikahangaika nayo kama unavyohangaika na mashine iliyoingia maji, unavuta kamba, unavuta, haikohoi hata mara moja. Pumzi yangu ilikuwa inaingia na kutoka taratibu, vizuri kabisa. Nikapanda bodaboda nikarudi Buzebazeba.

Talaka niliiandika wiki ileile, kwenye meza ya jikoni, mashahidi wawili wakiwa wamekaa. Mmoja wao alishangaa mwandiko wangu, akasema hajawahi kuona karatasi ya namna ile iliyoandikwa vizuri hivyo, hakuna pa kufuta, mistari imenyooka.