Mama Aliposoma Maoni Yangu ya Manga

Sanduku la Rahma lilipofunguliwa, chumba kizima kilijaa harufu ya karatasi. Haikuwa ile harufu kali ya wino na gundi ya vitabu vya skuli. Ilikuwa harufu kavu, yenye uvundo kidogo, kama gazeti lililotandikwa kabatini mwaka mzima. Rahma ni binti wa mama yangu mkubwa. Kiangazi kile alikuwa na miaka ishirini na miwili, amerudi kutoka masomoni Malaysia, akaja kukaa nasi Al Khoudh, nje ya mji wa Maskati, Omani, kwa kuwa kazi aliyoipata ilikuwa chuo kikuu, karibu na nyumba yetu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikawa nalala naye chumba kimoja. Chini ya nguo zake alikuwa amepanga vitabu vya picha vya Kijapani, thelathini hivi, vilivyofasiriwa kwa Kiingereza. "Hizi ni manga," aliniambia. Nilicheka, maana nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na kazi nyingine: Bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, hakuwahi kuiita Omani kwa jina jingine ila Manga. Rahma hakucheka. "Soma," alisema, "lakini usimwoneshe mtu."

Nilielewa sababu kabla sijamaliza cha kwanza. Zilikuwa hadithi za mapenzi, na wapendanao walikuwa wanaume wawili. Ile niliyoipenda kuliko zote ilihusu dereva wa basi katika mji wa theluji na mfamasia aliyepanda basi hilo kila jioni, ingawa nyumba yake ilikuwa upande mwingine kabisa. Vitabu vinane vilipita hivyo. Mmoja anakata tiketi, mwingine anaangalia dirishani, na jambo kubwa kuliko yote lililotokea ni dereva kumvulia mwenziwe glavu zake siku ya baridi. Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wale wawili walikohoa kurasa elfu moja na kila mmoja akadhani mwenziwe ana mafua. Nje jua la Julai lilikuwa likichoma mpaka vishikio vya milango ya gari havishikiki, na mimi niko chini ya mashine ya baridi, mlango nimeufunga kwa ufunguo, nawaza theluji.

Sikuwa na wa kuzungumza naye. Rahma alikuwa kazini mchana kutwa, na rafiki zangu wa skuli nisingethubutu kuwaambia. Basi nikachukua daftari la hesabu lililobaki na kurasa, nikaanza kuandika maoni yangu, kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani ambayo hapana mwenzangu darasani aliyeweza kuisoma. Niliandika kwamba katika hadithi hizi napumzika, kwa sababu hamna msichana wa kujipima naye: hapana mwenye kiuno chembamba wala nywele ndefu wa kunifanya nijitazame kwenye kioo. Niliandika pia yaliyoniudhi. Mbona wanawake wote ni wakorofi, au wanakuja kuleta chai na kutoweka? Mbona lazima mmoja awe mdogo, mwenye kulialia? Na kulikuwa na kitabu kimoja ambamo tajiri mmoja alimkamata mwenziwe kwa nguvu, akakataliwa, akaendelea, na mwandishi akataka tulie kwa furaha mwisho wake. Hicho nilikiandikia kurasa nne kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi. Nilisema anayependa kweli huuliza, na akijibiwa hapana husimama. Baada ya hapo nikawa nahukumu kila kitabu kwa sentensi hiyo.

Jumatano moja nililitafuta daftari chini ya godoro, nisilikute. Nilipekua kabati, sanduku, hata kikapu cha nguo chafu. Nilimwambia Rahma aliporudi, naye akakaa kitandani na mtandio wake mkononi. Yeye alikuwa na mengi zaidi ya kupoteza: ndiye aliyevileta vitabu, na kama habari ingefika kwa baba yake angerudishwa kwao Sohar, kazi na yote ikaishia hapo. Siku mbili sikula vizuri. Mama alikuwa akinitazama mezani, nami nikitazama wali.

Ijumaa baada ya alasiri aliniita. "Labeka, Mama," nikaitika. "Vaa buibui lako, tutoke." Ndani ya gari daftari lilikuwa kwenye kiti, juu ya mkoba wake, wala halikufichwa. Aliendesha njia nzima ya kwenda Maskati, akapita Matrah, akafuata barabara ya ufukweni mpaka karibu na lango la mji wa zamani, huko ambako siku ya mapumziko hapana watu ila walinzi. Akaegesha, injini akaiacha ikiunguruma kwa ajili ya mashine ya baridi.

"Mlango unafunga," alisema. "Chakula huli. Nikiingia, unaficha vitu. Mwezi mzima mimi silali, nasema mwanangu keshapatikana."

"Kapatikana na nani, Mama?"

"Na mwanamme. Wa kwenye simu. Binti wa mwenzangu kazini kadanganywa hivyo hivyo, picha kaombwa, kazituma, mpaka leo nyumba yao haina raha." Alilichukua daftari. "Nlipoliona hili nikasema leo ntalijua jina lake. Nikasoma mwanzo mpaka mwisho. Jina nalitafuta, jina silioni. Mara nakutana na dereva wa basi."

Sikujua kama nicheke au nilie, nikalia. Nilitaraji kofi, au angalau laana; badala yake nikaona mabega ya Mama yanatikisika, na yeye pia analia, kwa kitu ambacho sikukitambua upesi. Ilikuwa faraja. Mwezi mzima mimi nimemwogopa yeye, naye akiogopa mtu asiyekuwepo. Usilolijua ni kama usiku wa kiza, na sote wawili tulikuwa tumekaa ndani yake.

Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Nisikilize. Mambo ya vitabu vile mimi siyakubali, na dini yetu unaijua. Sitokwambia vyengine ili unipende." Kisha akafungua ule ukurasa uliotoboka. "Lakini hapa. 'Akijibiwa hapana husimama.' Nani kakufunza haya?"

"Hapana mtu. Nilikasirika tu."

"Basi kasirika hivyo hivyo maisha yako yote."

Akanipa masharti. Vitabu vibaki sandukuni mwa Rahma, visiende skuli, mlango nisiufunge, na nikiwa na la kusema nimwambie yeye kabla ya daftari. Na Rahma, Mama atazungumza naye mwenyewe, hapana atakayempigia simu baba yake. Njiani kurudi alisimama kituo cha petroli akatununulia chai ya karak, ile ya maziwa na iliki. Alikunywa mpaka nusu ya kikombe, kisha akauliza, akitazama mbele, "Huyo mfamasia, alisema au hakusema?"

"Kitabu cha tisa hakijatoka, Mama."

Akafyonya. "Watu wazima wawili! Vitabu vinane!"

Rahma hakurudishwa Sohar. Mazungumzo yao yalifanyika jikoni, mlango umerudishwa, na alipotoka macho yalikuwa mekundu lakini njaa ilikuwa imemrudia; alikula sahani mbili.

Sasa mimi ni mtu mzima, naishi Ansab, mtaa mwingine wa Maskati, na vitabu vya aina ile nimevisoma tena. Vingine vimepungua uzito: michoro niliyoidhani ya ajabu ni mistari ya haraka, na yule tajiri ananichukiza zaidi kuliko zamani. Dereva na mfamasia bado nawapenda. Binti wa Rahma ana miaka kumi na mitano, naye husoma hadithi hizo hizo, ila hana haja ya sanduku; zote zimo katika simu, mamia kwa mamia, na chini ya kila sura wapo wageni wa dunia nzima wanaoandika maoni na kujibizana. Sisi tulikuwa na kitu kimoja cha kuficha, na mama zetu walikuwa na kingine cha kukiogopa, na vitu hivyo vilikaa mbali kimoja na kingine. Leo vyote viwili vimo katika mfuko mmoja.

Mwezi uliopita nilimwona binti huyo akitabasamu na kioo cha simu, akiandika haraka. Nikamuuliza, bila kupanga, "Nani huyo anayekuandikia?" Alinung'unika, akiniita mama mdogo kwa Kiarabu, "Yaa khalati, rafiki tu, wa darasani," kisha mwenyewe akaninyooshea simu nisome. Nilisoma kutoka juu mpaka chini. Walikuwa wasichana wawili wakigombana kuhusu mwisho wa hadithi. Nikamrudishia, nikashusha pumzi ndefu kiasi kwamba alinicheka. Na hapo ndipo nilipojua Mama aliibana pumzi yake kwa muda gani.