Vijito Viwili Chini ya Shamba Letu

Subira yangu ilikatika kando ya kijito, mtoto mgongoni, matope yamenifika vifundoni. Jumbe, ambaye ni baba mkubwa wa mume wangu na kwa hiyo ni mkwe wangu, alikuwa amemwinamia Mzungu aliyekuja kutafuta mahali pa kujenga kiwanda cha kumenya na kuosha kahawa. Akamwambia, meno yote nje:

"Bwana asiwe na wasiwasi. Upande ule wa kulia nao tutausawazisha kabla ya Jumapili."

Upande wa kulia ndio uliokuwa na chakula pekee kilichombakia mwanangu.

Mimi ni mtu wa ziwani, Chiwanda. Kwetu tunalima muhogo kwenye mchanga, na macho yetu yako majini. Nilisoma kwa masista mpaka darasa la kumi, nikadhani nimeshaona ya kuona. Nilipoolewa huku Umatengo, juu ya Maguu, nikakuta mlima mzima umetobolewa mashimo, safu juu ya safu, kama sega la nyuki lililosimamishwa wima. Nilishangaa hadi nikasahau kumwamkia mama mkwe.

"Unakodoa nini, binti wa samaki?" akanicheka. "Hizo ni ngolo. Ngoja mvua inyeshe ndipo ushangae."

Alinifundisha mwenyewe. Wanaume hufyeka nyasi, wakaziacha zikauke, kisha wakazilaza miraba miraba mteremko mzima. Sisi wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi, tukapanda maharage juu ya kingo. Katikati hubaki shimo. Mgongo huuma mpaka unasahau jina lako.

Halafu mvua ikanyesha. Kwetu mvua kubwa hukimbilia ziwani na nusu ya shamba la mtu. Pale maji hayakukimbia. Kila shimo lilipokea lake likatulia, na mawingu yalipopasuka mteremko wote ukang'aa, kana kwamba mtu amelipandisha ziwa letu mlimani na kuligawa vipande vipande. Chini kijito kilipita cheupe, unahesabu changarawe. Nilisimama nimelowa chapa. Hata leo nikikumbuka nywele hunisisimka. Nani aliyewaza jambo kama lile, na kwa jembe tu?

Habari za kiwanda zilipokuja, nilikitaka kuliko hata jumbe. Kahawa yetu tulikuwa tunaimenya kwa mashine ya mkono, tukaiosha kwa ndoo, tukaibeba kichwani. Lakini jumbe aliingiwa na aibu ya ajabu. Akatuita wanawake tunaolima ule mteremko unaotazama barabara.

"Mgeni akiona mashimo atadhani nguruwe pori wametushinda," akasema. "Fukieni. Pigeni matuta yashuke kutoka juu mpaka barabarani, yanyooke kama nywele zilizochanwa. Wazungu wanapenda mstari."

"Na maharage je?" akauliza mama mkwe. "Yameshatoa majani."

"Kiwanda kikija mtakula nyama."

Mama mkwe akatema mate pembeni. Mimi nikanyamaza, maana mkaza mwana habishani na mkwe. Tukaanza na upande wa kushoto wa bonde. Tukayafukia maharage yakiwa hai.

Siku aliyokuja mgeni, mvua ilitangulia, ile ya kupiga kama mawe. Ilipokatika, gari lake likafika. Matuta hakuyatazama hata kidogo! Aliulizia maji tu, kwa sababu kahawa haioshwi kwa maneno. Tukashuka wote mpaka chini ya shamba, pale vijito viwili vinapokutana.

Cha kushoto kilikuja chekundu, kizito, kimebeba udongo wetu na miche ya maharage inayoelea. Cha kulia, kinachotoka chini ya ngolo ambazo hazijaguswa, kilikuja cheupe kama siku zote. Vilikwenda bega kwa bega kitambo, havichanganyiki. Mgeni akachuchumaa, akachota cha kulia kwa viganja viwili, akanywa. Kisha akauliza kwa Kiingereza upande wa kushoto umefanywa nini. Karani aliyekuja naye akamfasiria jumbe, na jumbe, akidhani anasifiwa, ndipo akatoa ile ahadi yake ya Jumapili.

Nikapiga goti kwenye matope, kama mkwe anavyotakiwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Si wakati wa—"

"Hapana, baba. Ukifukia upande ule, unifukie na mimi na huyu mgongoni."

"Haya! Binti wa samaki kafungua mdomo!" mama mkwe akapiga kigelegele.

Nikainuka, nikamweleza mgeni kwa Kiingereza changu cha masista kwamba kushoto tumefukia mashimo na kulia bado yapo. Alivua kofia, akapanda nasi upande wa kulia, akasimama juu ya ngolo zilizojaa maji, sura yake ileile niliyokuwa nayo mimi siku ya kwanza. Alipoondoka alisema atarudi masika yakiisha, kama maji ya vijito vyote viwili yatakuwa safi.

Jumbe hakuifuta amri. Basi siku ya baraza nikaenda kwa Bwana Shauri, mkubwa wa serikali anayesikiliza mashtaka ya wilaya, mtoto mgongoni.

"Unamshtaki mkwe wako?" akauliza.

"Naishtaki amri yake, Bwana."

Nikamsomea karani wa baraza aandike neno kwa neno, watu wote wakisikia:

"Mimi, mke, mama na mkulima, nalalamika kwamba jumbe alituamuru kufukia ngolo zenye maharage machanga ili kumfurahisha mgeni. Amri hiyo imetunyima chakula, na imechafua maji yaleyale ambayo mgeni aliyafuata. Naomba amri ifutwe leo. Naomba mbegu. Naomba jumbe mwenyewe afyeke nyasi na kuzilaza upande wa kushoto, kwa kuwa hiyo ni kazi ya wanaume. Udongo wa kuzifunika tutachimba sisi. Kiwanda nakitaka. Kijengwe chini ya mlima wetu kama ulivyo."