Diski Iliyovuka Kwenda Bukavu

Wakati wa vita vya Kongo nilikuwa natunza seva ya ofisi moja ya Cyangugu, mji wa Rwanda unaotazamana na Bukavu ng'ambo ya mto, iliyotafuta watoto waliopotezana na wazazi. Picha zao zote zilikuwa humo. Bosi alitaka mfumo mpya uwekwe upesi, maana ule wa zamani uliganda kila mara. Nikamwambia sigusi kitu kabla ya kutoa nakala kwenye diski ya pembeni. Nikaitoa, nikaijaribu kwenye kompyuta nyingine, picha zikafunguka. Roho ikatulia kidogo.

Sasa sisi tuliokulia Kongo tuna ugonjwa wetu: kitu cha maana hatukiachi upande mmoja wa mto. Vyeti vya shule, vitenge vya harusi, tunagawa huku na kule, maana hujui vita vitaamkia wapi. Basi ile diski nikampa dada yangu aende nayo kwake Bukavu, nami nikaanza kazi. Umeme ukakatika katikati. Betri ya akiba ikajikongoja, ikazima. Umeme uliporudi, seva haikuwaka. Ng'ambo nako risasi zikaanza, mpaka ukafungwa.

Makalio hayakukaa kitini. Nilishuka mpakani, nikapanda ofisini, nikashuka tena. Bosi alininunia, na hilo nililimudu. Aliyenimaliza ni maman mmoja aliyezoea kuja asubuhi kumtazama mwanawe kwenye kioo cha kompyuta. Picha yake ya karatasi ilioza na mvua kambini, bahati tulikuwa tumeshaiingiza kwenye mashine.

"Papa, mutoto wangu iko mule ndani?"

"Iko, Maman. Ngoja kidogo."

Sikuwa na hakika hata kidogo, na niliogopa kumtazama usoni.

Mpaka ulipofunguliwa, dada akavuka na diski, kaifunga kwenye kitenge chini ya samaki wakavu. Nikamgombeza kwa ile harufu, huku nafungua fundo la kitenge. Nikaweka mfumo upya tangu mwanzo, nikarudisha picha. Maman alikaa nyuma yangu. Mtoto akatokea, amekunja uso kwa jua.

Maman hakulia. Alivuta kiti mpaka karibu agonge kioo.

"Masiku yote hii nilikuwa nakumbuka sura yake," alisema, "lakini pua ilikatala kuja."

Nikawasha mashine ya kuchapa, nikatumia wino wa rangi ambao bosi alitukataza, nikamchapia picha kubwa kadiri karatasi ilivyoruhusu.